Vyombo vya udongo vya Wafenisia: je, ni kazi ya wachuuzi tu?

Sisi tunaosoma Maandiko Matakatifu kila siku tunajua majina ya Tiro na Sidoni tangu zamani, wengine tangu katekismu. Lakini tunayajua kwa namna gani? Tunajua kwamba mfalme Hiramu alimpa Salomoni miti ya mierezi na mafundi wa kujenga Hekalu. Tunajua kwamba Yezabeli alitoka huko, na sijamwona bado mkristu anayempa mtoto wake jina lile. Tunajua hasira ya nabii Ezekieli juu ya mji wa Tiro. Tukimaliza hayo, twafikiri tumekwisha kuwajua Wafenisia. Vitabu vya historia vinaongeza mambo machache: rangi ya zambarau, kioo, alfabeti, merikebu. Juu ya vyombo vyao vya udongo utapata mstari mmoja, ao hutapata kitu.

Kimya hicho ni hukumu, tena ni hukumu mbaya. Waliokitoa si watu wajinga. Ernesti Renan, yule ambaye wengi wetu tunamjua kwa sababu ya kitabu chake cha mwaka 1863 juu ya maisha ya Yezu, alitumwa Fenisia mwaka 1860 na Kaisari Napoleoni wa Tatu. Alichimba Biblos, Sidoni, Tiro na pahali pengine kwa msaada wa askari Wafaransa, kisha akaandika kitabu kikubwa juu ya kazi ile. Maoni yake juu ya sanaa ya Wafenisia ni kwamba ni sanaa ya kuiga, kazi ya kiwanda kupita kazi ya roho. Maneno hayo yalirudiwa na walimu, walimu wakawafundisha wanafunzi, na mpaka leo yanatembea katika vitabu vya shule: Wafenisia walikuwa wachuuzi, walichukua sanaa ya Misri mkono huu na ya Ashuru mkono huu, wakauza.

Kwa pembe za ndovu na sahani za fedha, neno hilo lina sehemu ya kweli. Mafundi wa Fenisia walichonga watu wa Misri bila kuwa Wamisri, na mara nyingine waliandika alama za Misri zisizosomeka hata kidogo. Lakini yeye asemaye hivyo juu ya chungu, sherti aonyeshe chungu. Renan hakuwa na vyungu vya kutosha mbele yake. Alitafuta makaburi ya mawe, sanamu na maandiko. Katika siku zake vigae vya udongo vilitupwa kando. Elimu ya kupanga vigae kwa tabaka za ardhi, na kujua kwa njia yake miaka ya mji, ilianza nyuma yake. Basi hukumu yake juu ya sanaa yote ilitolewa bila kumwita shahidi aliye karibu kupita wote.

Kuna sababu ya pili. Watu wa Ulaya walijifunza kutazama vyombo vya udongo kwa macho ya Kigriki. Chombo cha Atene kina picha: shujaa, farasi, karamu, vita. Ukikisimamisha kando ya birika ya Tiro, birika ile yaonekana kama mtu aliyekuja arusini bila nguo ya arusi. Haina shujaa, haina farasi. Ina rangi nyekundu tu, inayong'aa kidogo. Mtazamaji anapita. Lakini nani amesema chungu ni ukuta wa kuchorea picha? Chombo cha udongo kina kazi yake: kubeba, kumimina, kutunza, kuwasha, kupika, kuzika. Tukitaka kukihukumu kwa haki, tuanze kwa kazi hiyo.

Tuchukue birika moja ya karne ya 8 mbele ya Kristu, ile ambayo wataalamu wanaiita birika yenye mdomo wa uyoga. Tumbo lake ni duara, shingo inapanda nyembamba, katikati ya shingo kuna mstari ulioinuka kama pete, mkono mmoja unashuka toka pete ile mpaka begani. Juu kabisa, mdomo unafunguka ghafula, mpana na bapa kama uyoga. Dada yake ana mdomo uliobanwa pande mbili na vidole udongo ungali mbichi, hata ukawa kama jani lenye sehemu tatu. Huo ni mdomo wa kumimina divai pasipo kuimwaga. Vyote viwili vimepakwa maji ya udongo uliochujwa sana, wenye chuma ndani yake, kisha vimesuguliwa kwa kitu laini mpaka vikang'aa. Moto wenye hewa ya kutosha unageuza chuma kile kuwa nyekundu. Hakuna rangi nyingine. Uzuri wote umewekwa katika umbo na katika ngozi ya chombo.

Wengine watasema: pete ile ya shingo yaonyesha wazi kwamba wameiga birika ya chuma ao ya fedha, maana ndipo fundi wa chuma anapounga vipande viwili. Ndiyo, pengine mwanzo wake ni huo. Tajiri alikuwa na birika ya fedha, na mtu wa kawaida alitaka umbo lile lile mezani pake. Lakini utazame ginsi mfinyanzi alivyofanya. Pete hailazimishwi na udongo. Mfinyanzi angaliweza kuiacha. Ameitunza kwa sababu ameona kwamba shingo bila pete ni ndefu mno, na mkono hauna pahali pa kushika. Kitu kilichokuwa lazima kwa fundi wa fedha kimekuwa kwake kipimo cha macho. Mimi siwezi kuita jambo hilo kuiga tu.

Mbele ya vyombo hivyo vyekundu, toka karne ya 11 hivi mpaka ya 9, Wafenisia walikuwa wakichora duara juu ya matumbo ya birika na chupa zao, nyeusi na nyekundu, duara ndani ya duara, zilizochorwa chombo kikizunguka. Zapendeza. Watu wanaopenda mapambo watazipendelea. Mimi napendelea zile zilizofuata, maana fundi aliyeacha duara zake na kubaki na umbo peke yake hana tena pa kuficha kosa.

Sherti niseme pia kwamba si vyote vizuri. Walitengeneza vingi, na katika vingi mna vibovu. Sahani nyekundu za miji yao ya Hispania ya kusini, kama ule unaochimbwa pahali paitwapo Toscanos, zinaonyesha jambo la ajabu: tangu karne ya 8 mpaka ya 6 ukingo wa sahani unazidi kupanuka, na shimo la katikati, pahali pa chakula, linazidi kupungua. Mtaalamu Mdachi Hermanfrid Schubart alipima kingo hizo, na kwa upana wake wachimbaji wanaweza kukadiria miaka ya tabaka. Kwa mwana historia ni zawadi. Kwa mtu mwenye njaa, sijui. Hapo desturi imeishinda kazi, na ninaona kwamba mfinyanzi wa Tiro wa mwanzo asingalikubali.

Sasa tuingie Sarepta, maana hapo neno linatugusa sisi. Katika kitabu cha kwanza cha Wafalme, sura ya 17, nabii Elia anatumwa kwa mjane wa Sarepta, mji wa nchi ya Sidoni. Mwanamke yule ana unga kidogo katika mtungi na mafuta kidogo katika chupa. Kiebrania chatumia maneno mawili mbalimbali: kad kwa chombo cha unga, tsapahat kwa kile cha mafuta. Tumehubiri juu ya unga, tumehubiri juu ya mafuta, tumehubiri juu ya imani ya mjane. Nani kati yetu amefikiri juu ya vyombo?

Sarepta ni Sarafand ya leo, katikati ya Tiro na Sidoni, pwani ya Lebanoni. Toka mwaka 1969 mpaka 1974 Mwamerika James Pritchard alichimba pale na wenzake. Waliona nini? Mtaa mzima wa wafinyanzi. Matanuri kupita 20, yaliyojengwa moja baada ya jingine kwa karne nyingi, tangu mbele ya siku za Elia mpaka nyuma yake. Waliona na mabirika ya sakafuni ya kuchuja udongo, na marundo ya vyombo vilivyoharibika motoni. Tanuri la Sarepta lina vyumba viwili: moto chini, vyombo juu. Chumba cha moto kinagawanyika na ukuta katikati, hata ukikitazama toka juu kinafanana na figo. Ukuta ule unabeba sakafu yenye matundu, moto unapanda kwa matundu, vyombo vinaiva bila kuguswa na kuni. Kwetu mama zetu wafinyanzi wanajenga chungu kwa mikono, wanakizungusha wao wenyewe, na kukichoma mahali pa wazi kwa majani na kuni. Ni ufundi mwingine, wenye akili yake. Mfinyanzi wa Sarepta alikuwa na gurudumu linalozunguka kwa nguvu, na tanuri lisilopumzika. Ile ilikuwa kazi ya ukoo na ya biashara.

Basi mjane yule alikaa katika mji uliojaa vyungu. Mtungi ulikuwa kitu cha bei ndogo pale kupita pahali pengine popote. Unga ndio uliokosekana. Masimulizi yanazidi kuwa makali tukijua hayo: katika mji uwezao kufanya mitungi mia kwa siku chache, mwanamke amebaki na mtungi mtupu. Sisemi kwamba mwandishi mtakatifu alikusudia jambo hilo. Nasema wasikilizaji wa kwanza, waliojua Sarepta ni nini, hawakuhitaji kuelezwa. Katekista anayefundisha sura hiyo anaweza kuwaeleza watu wake kwa maneno mawili, na haitakuwa hadithi ya kubuni.

Pale pale Sarepta kilipatikana kigae kimoja cha chombo kikubwa, cha karne ya 13 mbele ya Kristu, chenye utando wa rangi ndani yake. Wataalamu wa kemia walipoupima waliona ni zambarau ya kweli, ile inayotoka katika konokono za bahari. Zambarau ya wafalme, ambayo kila kitabu kinaisifu, ushuhuda wake tumeupata kwa kigae ambacho hakuna kitabu kinachokisifu.

Ezekieli naye, katika sura yake ya 27, anahesabu mali ya Tiro sokoni: fedha, chuma, bati, risasi, vyombo vya shaba, pembe za ndovu, ngano, asali, mafuta, divai ya Helboni. Vyombo vya udongo havitaji. Bila shaka havikustahili orodha ya fahari. Lakini divai na mafuta hayo yalipita bahari ndani ya nini? Jibu lilionekana nyuma ya miaka 2700 hivi. Mwaka 1997 chombo cha chini ya bahari cha jeshi la Marekani kiliona mbele ya pwani ya Ashkeloni marundo mawili ya mitungi, karibu metre 400 chini ya maji. Mwaka 1999 Robert Ballard na Lawrence Stager walirudi kuyachunguza kwa mashine. Zilikuwa merikebu mbili za karne ya 8. Mbao zimeliwa, matanga yamepotea, watu wamepotea; mitungi imebaki imepangwa kwa umbo la merikebu, karibu 400 yenye kuonekana katika kila moja.

Mitungi hiyo ina mabega, mikono miwili midogo, na ncha chini. Haisimami yenyewe, imefanywa ilale na kubanana ndani ya merikebu. Ndani imepakwa utomvu wa mti ili divai isinyonywe na udongo. Kila mmoja wachukua karibu lita 18, na tofauti kati ya huu na huu ni ndogo sana. Fikirini maana yake. Mnunuzi wa mbali asiyejua lugha yako anaweza kuhesabu mitungi na kujua kiasi cha divai bila kupima. Mfinyanzi amekuwa kipimo, na neno lake linaaminiwa katika bandari asiyoijua. Watu wanaosema Wafenisia walikuwa wachuuzi tu, ingefaa waseme pia kwamba uchuuzi ule ulisimama juu ya unyofu wa mkono wa mfinyanzi.

Lakini kitu kilichonishika kupita mitungi yote ni vyombo vichache vilivyoonekana katika sehemu moja ya merikebu: vyungu vya kupikia, chetezo cha udongo, na birika moja yenye mdomo wa uyoga. Hivyo havikuwa vya kuuza. Ni vyombo vya mabaharia wenyewe. Walipika, walifukiza ubani kwa miungu wao, walimimina divai kwa birika ya kwao. Ni hiyo birika iliyosaidia wataalamu kusema merikebu zilikuwa za Wafenisia. Mtu aliyekwenda kufa baharini alikuwa amechukua mezani pake umbo la nyumbani.

Umbo hilo hilo linatokea makaburini. Huko Tiro, pahali paitwapo al-Bass, Mama Maria Eugenia Aubet wa Hispania alichimba tangu mwaka 1997 makaburi ya watu waliochomwa. Kaburi nyingi zina vyombo vile vile: mitungi miwili ya mifupa na majivu, birika yenye mdomo wa uyoga, birika yenye mdomo uliobanwa, na kikombe cha kunywea. Vichache, tena karibu sawa. Wagriki waliwasema Wafenisia kuwa watu wa tamaa. Makaburi haya hayaonyeshi tamaa.

Siwezi kusifu hayo na kunyamaza juu ya Kartago. Katika mji ule wa pwani ya Tunisia, pahali ambapo wataalamu wamepapa jina la Tofeti kwa kufuata Maandiko, wachimbaji wametoa tangu mwaka 1921 mitungi mingi yenye mifupa ya watoto wachanga iliyochomwa, na mingine yenye mifupa ya wana-kondoo na wana-mbuzi. Je, watoto wale walitolewa sadaka, ao walikufa kwa magonjwa na kuzikwa pahali pao? Mwaka 2010 kikundi kimoja cha wataalamu kilipima meno na mifupa, kikasema wengi walikufa kabla ya kuzaliwa ao mara tu waliposhazaliwa. Wengine wamewajibu kwa nguvu, wakionyesha mawe yaliyosimamishwa juu, ambayo yanasema juu ya nadhiri iliyotimizwa kwa Tanit na Baal Hamoni. Mimi naona mawe yana uzito. Mtu hatimizi nadhiri kwa kuzika aliyekufa kwa homa. Walakini nasema hivyo bila furaha, na ningependa wahubiri wetu wasiigeuze kuwa neno la kutisha watu kanisani. Mitungi yenyewe, mingi ni mitungi ya kawaida ya nyumbani. Yeremia, katika sura ya 19, alikwenda mpaka bonde la Beni-Hinomu, pahali pa Tofeti ya Wayuda wenyewe, akavunja pale birika ya udongo mbele ya wazee. Dhambi ile haikukaa ng'ambo ya mpaka tu.

Sababu gani basi tung'ang'anie vigae? Kwa kuwa vitabu vya Wafenisia vimepotea. Kartago uliharibiwa na Waroma mwaka 146 mbele ya Kristu. Katika vitabu vyake, kile cha Mago juu ya kilimo tu ndicho Baraza la Roma liliamuru kifasiriwe, nacho kimebaki vipande. Masimulizi ya Biblos tunayo kidogo kwa sababu Eusebio, askofu wa Kaisaria, aliyanukuu ili ayapinge. Yaani karibu kila neno tulilo nalo juu ya watu hawa limetoka kwa mshindani wao: mnabii, Mgriki, Mroma, ao askofu mwenye kubishana. Mwenye kuhukumu kesi kwa mashahidi wa upande mmoja, twajua tungalimwitaje.

Hata hivyo chungu nacho kina mpaka wake. Mwaka 2018 Mwingereza Josephine Quinn aliandika kitabu kinachouliza kama watu wale walijiona kweli taifa moja. Jina Fenisia ni la Kigriki. Wao walijiita watu wa Tiro, watu wa Sidoni, watu wa Biblos. Swali lake ni zuri, nasi hapa, ambao majina ya makabila yetu mengine yaliandikwa na wageni, hatutalicheka. Mtaalamu anapokuta birika nyekundu Kipro ao Sardinia na kuandika mara moja kwamba Wafenisia walikaa pale, anaruka mto bila daraja. Birika huuzwa, huolewa pamoja na bibi-arusi, huigwa na jirani. Hapo Quinn ana haki kabisa.

Lakini anapotaka tusione umoja wowote, mimi namrudisha mezani. Taa ya udongo ya Tiro ni kisahani kilichobanwa ukingo pahali pamoja ili utambi ukae. Huko magharibi, Kartago na kwingineko, mfinyanzi alibana pahali pawili, taa ikawa na midomo miwili. Ni taa ile ile, mkono ule ule, na neno moja jipya. Mtu anaweza kukosa jina la taifa lake na bado akajua, akiingia gizani katika nyumba ya ng'ambo ya bahari, ni ukingo upi wa kutafuta kwa kidole.

Sehemu iliyochimbwa ya Sarepta ni ndogo. Vita vya Lebanoni vilivyoanza mwaka 1975 vilikata kazi ile.